Injini ikikaa mezani wiki tano kabla ya kuwashwa: oili ya kawaida inatosha, au lazima asembli lubu?

#1 ProboxLanet, Nakuru

Wakuu, salaam. Swali langu ni moja lakini limeninyima usingizi, maana hii gari ndiyo inayonilisha.

Probox yangu, injini ya 1NZ, ilianza kugonga mwezi uliopita nikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit na mzigo wa viazi. Nilizima papo hapo, nikavutwa hadi Nakuru. Tulipofungua sampu, lile sinia la oili chini ya injini, tukakuta beringi ya konrodi ya tatu (mkono unaounga pistoni na krenki) imelika, unga wake unametameta ndani ya oili. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ilipelekwa kuchongwa, imerudi, na sasa tunaweka beringi za ten, yaani pungufu ya inchi 0.010.

Mzozo uko hapa. Fundi wangu anataka kupaka oili ya kawaida, ile ile 20W-50 tutakayojaza. Kaka yangu wa Eldoret ananipigia kila jioni akisema nisikubali krenki ilazwe bila asembli lubu, ile oili nzito ya kufungia injini. Na hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu, bado iko kwa watu wa mashine, pesa ya kuitoa sina. Huku chini, krenki na pistoni, kutafungwa wiki hii, halafu injini ikae mezani hadi niuze viazi vya msimu. Huenda wiki tano, huenda saba.

Hiyo oili ya kawaida itakuwa bado ipo? Au itateremka yote kwenye sampu, niwashe chuma juu ya chuma?

#2 FundiKondele, Kisumu

Pole kwa gari, ndugu. Nimefunga injini tangu 1999, za matatu, za pikapu, mpaka za mashine za kusaga mahindi. Zote kwa oili ya kawaida. Sijawahi kurudishiwa injini kwa sababu ya oili niliyopaka siku ya kufunga.

Nilizorudishiwa, nilirudishiwa kwa uchafu. Krenki ikichongwa, unga wa jiwe huingia kwenye yale matundu ya kupitisha oili. Usipoyasugua kwa brashi ndefu nyembamba na petroli, kisha upepo, kisha brashi tena, unga huo unatoka siku ya kwanza na kukaa juu ya beringi mpya. Kabla hujanunua lubu muulize fundi wako swali hilo moja: matundu ya krenki ameyasafisha vipi?

#3 BabaTuktuk, Kisumu

Naunga mkono #2. Fundi huyu amenifungia tuktuk mara mbili.

#4 DerevaWaMolo

@BabaTuktuk mara mbili? Basi hiyo ya kwanza ilikuwaje?

#5 BabaTuktuk, Kisumu

Ya kwanza iliibiwa, mzee. Ya pili ni tuktuk nyingine. Usimharibie mtu kazi.

#6 MwalimuWaKarakana, Maseno

Habari zenu. Mimi hufundisha vijana ufundi wa magari, na swali hili huja kila muhula. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Injini ikizunguka sawasawa, krenki haigusi beringi. Inaelea juu ya utando wa oili wa mikroni chache tu, na unywele wa kichwa ni mnene kuliko huo mara nyingi. Aliyeliona jambo hili kwanza ni Mwingereza Beauchamp Tower mwaka 1883, akipima beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili, na mashine ilipozunguka oili ikapanda kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaziba kwa mbao, nayo ikatoka. Alipofunga geji akaona oili ina presha kubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Miaka 3 baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu kwa nini: shafti inayozunguka huiburuta oili yenyewe kuingia pale palipobana, na oili ikaibeba shafti.

Zingatieni neno "inayozunguka". Utando ule unahitaji mwendo na unahitaji oili ya kuburutwa. Injini mpya haina vyote viwili: paipu za ndani ya bloku ni tupu, filta ni tupu, pampu ina hewa. Hizo sekunde za kwanza zote, beringi inategemea kile kilichopakwa kwa mkono siku ya kufunga. Kikiwepo, vizuri. Kikiwa kimeteremka, ni chuma kwa chuma.

Lubu imetengenezwa inate. Nyingi zina molibdeni au zinki, zinazobaki juu ya chuma hata oili yenyewe ikisukumwa pembeni. Kwa hiyo @ProboxLanet, ungekuwa unafunga leo na kuwasha kesho, ningekuambia oili ya kawaida inatosha. Wiki saba? Mimi singethubutu.

#7 NyarKibuye, Kisumu

Mimi nauza spea, naona mnavyonunua. Mtu akiniomba lubu nami sina, huondoka kwenda kununua grisi nyeupe kwa jirani na kuamini amepata kitu kile kile. Si kile kile. Lubu huyeyuka kwenye oili injini ikipata moto, ikatoka siku ya kumwaga oili ya kwanza. Grisi ya kawaida, hasa ile ya beringi za magurudumu, haiyeyuki vizuri. Vipande vyake vinaweza kwenda kukaa kwenye filta au kwenye kile kichujio cha sampu, ukajiuliza kwa nini presha ni ndogo kwenye injini mpya.

Lubu yenyewe huku ni adimu. Mimi huagiza Nairobi, Kirinyaga Road, inakuja kwa basi la usiku. Kichupa kidogo kinatosha injini ya silinda nne na kinabaki.

#8 FundiKondele, Kisumu

Mwalimu nakuheshimu, na hadithi ya kizibo nimeipenda. Lakini umesema oili "ikiwa imeteremka". Nani ameiona ikiteremka yote? Mimi nimefungua injini zilizokaa nje miaka 2, za magari yaliyogonga na kutelekezwa. Ukitoa kepu ya beringi, bado kuna oili. Nafasi kati ya krenki na beringi ni milimita 0.03 au 0.04. Pembamba hivyo, oili hushikwa, haina pa kwenda. Ukimwaga maji kati ya vioo viwili vilivyobanana, yanatoka?

Na magari yote ya mjini hulala usiku, hata wiki nzima, kisha yanawashwa. Mbona hayafi?

#9 MwalimuWaKarakana, Maseno

Fundi, hoja ya vioo ni nzuri na nitaitumia darasani. Lakini gari lililolala lina oili kwenye paipu na kwenye filta, hasa filta yenye valvu ya kuzuia isirudi. Presha inapanda baada ya sekunde moja au mbili. Injini iliyofungwa upya inaweza kuzunguka nusu dakika bila presha ukikosea. Hizo si safari sawa.

#10 Mzee504, Kakamega

Mulembe. Mnabishana juu ya beringi na kumsahau kamshafti, ile shafti yenye vinundu (kamu) vya kufungulia valvu, ambaye ndiye mwenye shida kubwa zaidi.

Nilikuwa na Peugeot 504 ya abiria miaka ile. Kamshafti ya gari hiyo iko ndani ya bloku, na tapeti zake ni bapa, zinasugua juu ya kamu moja kwa moja. Pale hakuna kuelea kama krenki. Niliweka kamshafti mpya na tapeti mpya, tukapaka oili ya kawaida, tukawasha, tukaiacha inguruma polepole huku tukinywa chai na kurekebisha kabureta. Polepole kabisa, mtu akijua ni kuionea huruma.

Siku ya nne ikaanza kukosa nguvu na kutoa mlio wa tik-tik. Kufungua, kamu mbili zimelika vichwa. Nilipitisha kidole gumba juu ya ile iliyolika na ile nzima iliyo jirani yake: moja ina kichwa cha yai, nyingine imekuwa duara kama sarafu. Uso wa tapeti yake ulikuwa umechimbika shimo, kama sahani.

Fundi mzee aliyekuja kunisaidia alinieleza makosa mawili. La kwanza, kamu na tapeti bapa lazima zipakwe kitu kizito chenye molibdeni. La pili, siku ya kwanza injini isiachwe kwenye mwendo wa chini. Iwashwe na kupandishwa hapo hapo hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, dakika 20 au zaidi, ukibadilisha kidogo kidogo, kwa sababu kamu hulowanishwa na oili inayorushwa na krenki, na krenki ikizunguka polepole hairushi kitu.

#11 DerevaWaMolo

Hiyo 504 ndiyo ilishinda Safari Rally 1975! Mzee umenirudisha mbali.

#12 Mzee504, Kakamega

Na 1978 tena, ingawa hiyo ilikuwa ile kupe ya V6. Barabara za matope, ekseli ya nyuma haijui kulalamika. Hawajatengeneza gari jingine kama hilo.

#13 DerevaWaMolo

Hilux je?

#14 Mzee504, Kakamega

Hilux ni nzuri. Sikusema nyingine ni mbaya, nilisema kama hilo.

#15 KijanaWaToki, Eldoret

Turudi kwa Probox tafadhali. Mzee504 yuko sahihi kwa injini za zamani, ila 1NZ ina kamshafti mbili juu kwenye hedi, nazo zinasukuma vikombe juu ya valvu. Vikombe navyo vinasugua, lakini springi zake ni laini na ile kanuni ya dakika 20 kwenye mizunguko 2,000 si lazima kama kwa tapeti bapa.

Kitu kingine cha kujua: oili za petroli za siku hizi zina zinki na fosforasi kidogo kuliko za zamani, kwa sababu fosforasi huharibu katalisti ya ekzosi. Mwenye 504, Datsun ya zamani au Corolla ya 3K anayefunga kamshafti mpya asidhani oili mpya ya bei ghali itamlinda. Hapo lubu ni lazima kwangu, hakuna mjadala.

Na jambo ambalo hakuna amelitaja: usipake lubu mgongoni mwa beringi. Upande unaokaa kwenye bloku au kwenye konrodi uwe mkavu na safi, uguse chuma moja kwa moja, ndipo joto lipite na ganda lishike mahali pake. Nimeona vijana wakipaka pande zote mbili kama mkate na siagi.

#16 NyarKibuye, Kisumu

Asante kijana. Naongeza: ule uzi wa plastiki wa kupimia nafasi ya beringi hupimwa pakiwa pakavu. Ukishapaka lubu, umechelewa kupima.

#17 MamaWaCanter, Bungoma

Wenzangu, mimi si fundi, ni mwenye gari. Nina Canter ya kubeba sukari. Ilifungwa mwaka jana na kijana mwenye bidii sana ambaye alipata lubu na akaipaka kila mahali: beringi, kamshafti, pistoni na ringi zake, kuta za silinda. Alinionyesha kwa fahari.

Gari lilitoa moshi wa buluu tangu siku ya kwanza. Tukaambiwa subirini ringi zizoee. Tukasubiri. Kilomita 3,000, bado linakula oili lita moja kila safari ya Busia na kurudi. Mwishowe ikafunguliwa, kuta za silinda zinang'aa kama kioo, ile mistari ya honi, yaani mikwaruzo ya kupishana inayochorwa na jiwe la kusugulia silinda, inaonekana lakini imelala. Ikapigwa honi upya, ringi mpya, safari hii kwa oili nyepesi tu. Moshi ukaisha.

Tangu siku hiyo nikisikia neno lubu tumbo linanicheza.

#18 KijanaWaToki, Eldoret

Pole sana Mama. Hapo lubu haikuwa na kosa, mahali ndipo palikuwa na kosa. Ringi zinatakiwa zisugue ukuta kidogo mwanzoni ili zikae. Ukiweka molibdeni pale, hazisugui, hazikai.

#19 FundiKondele, Kisumu

Mimi siamini kwamba ni lubu peke yake. Mama, hilo gari lilipowashwa siku ya kwanza, lilibeba mzigo au liliachwa lingurume?

#20 MamaWaCanter, Bungoma

Liliachwa linanguruma uwanjani karibu siku nzima. Halafu wiki mbili nikaambiwa nisilibebeshe kitu.

#21 FundiKondele, Kisumu

Ndiyo hiyo. Ringi hukazwa ukutani na presha ya moto wa silinda. Bila mzigo hakuna presha, ringi zinateleza juu ya oili na ukuta unapata kioo. Nimeona hilo kwa injini ambazo hazijawahi kuguswa na lubu. Injini mpya ya dizeli ibebe mzigo wa wastani mapema.

#22 MwalimuWaKarakana, Maseno

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi, na kuna la tatu: honi ya kwanza ilipigwa kwa jiwe la namna gani, na baada yake silinda ilioshwa kwa nini? Silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni, ipanguswe kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke cheupe. Petroli hupeleka unga ndani zaidi ya mistari. Bila kuiona ile Canter, siwezi kuchagua kati ya hayo matatu.

#23 ProboxLanet, Nakuru

Nimewasoma wote, asanteni. Nimemuuliza fundi kuhusu matundu ya krenki. Alinyamaza kidogo, kisha akaitoa krenki tena. Brashi ya kwanza ilitoka na matope ya kijivu. Ya pili pia. Ya tano ndiyo ikatoka safi. @FundiKondele, Mungu akubariki, hapo tu umeniokoa.

Lubu nimeagiza. Swali jipya: huku Nakuru kiangazi hiki upepo unashuka na vumbi hadi ndani ya sahani. Kitu kinachonata si ndicho kitakachokamata vumbi?

#24 FundiKondele, Kisumu

Amina. Umeuliza swali ambalo watu wa lubu hawapendi. Ndiyo, kitakamata.

#25 KijanaWaToki, Eldoret

Ndani ya beringi vumbi halifiki kirahisi. Hatari ni silinda zilizo wazi juu, maana hedi haipo. Paka kuta oili nyepesi, jaza juu ya kila pistoni kitambaa safi kisichotoa nyuzi, halafu vika injini nzima mfuko mzito wa plastiki na ufunge chini kwa kamba. Usitumie gunia. Gunia ndilo linaloleta vumbi.

#26 NyarKibuye, Kisumu

Kwa vile hakuna anayetaka kumkubali mwenzake, nimefanya kitu. Nimechukua pini tatu za pistoni kuukuu, chuma kilichong'arishwa, nikaziosha kwa petroli na kuzikausha. Moja nimeiacha kavu. Moja nimepaka 20W-50. Moja nimepaka lubu. Nimezisimamisha kwenye kibao juu ya rafu, nyuma ya duka. Nitawaambia baada ya mwezi.

#27 DerevaWaMolo

Huyu dada angekuwa jaji kesi zingeisha mapema.

#28 MwalimuWaKarakana, Maseno

Jaribio zuri. Tukumbuke tu kwamba pini iko wazi hewani, wakati beringi imefunikwa na kepu yake. Vioo vya Fundi bado viko palepale.

#29 ProboxLanet, Nakuru

Wakati tunasubiri: siku ya kuwasha nifanyeje ili presha ipande haraka? Kuna aliyeniambia nitumie drili kuzungusha pampu.

#30 KijanaWaToki, Eldoret

Drili ni ya V8 za Kimarekani, kama Chevrolet, ambazo ukitoa distribyuta unaifikia pampu kwa fimbo. Pampu ya 1NZ iko mbele, inazungushwa na krenki yenyewe. Huwezi.

Fanya hivi. Siku ya kufunga pampu, jaza giya zake oili nzito au Vaseline, ile ya kujipaka, ili isianze na hewa. Vaseline huyeyuka ikipata moto, haina madhara. Siku ya kuwasha, jaza filta oili kabla ya kuifunga. Toa plagi zote nne za kuwashia moto, chomoa soketi za umeme za koili na za injekta, kisha piga stata sekunde 10, pumzika, piga tena, hadi taa nyekundu ya oili izime. Bila plagi hakuna kukaza silinda, kwa hiyo beringi hazibebi mzigo. Taa ikizima, piga mara moja zaidi, ndipo urudishe plagi.

#31 FundiKondele, Kisumu

Hapa tunakubaliana, nami hufanya hivyo. Ndiyo maana nasema lubu ni nyongeza tu: ukifanya hivi vizuri, oili ya kawaida inatosha.

#32 Mzee504, Kakamega

Ukifanya vizuri. Na betri ikiwa imechoka? Nimeona watu wakianza na betri ya kuazima, stata inazunguka kama mtu mgonjwa, dakika kumi taa bado inawaka. Hapo ndipo utaitamani lubu.

#33 ProboxLanet, Nakuru

Na bolti? Lubu niipake kwenye nyuzi za bolti za kepu?

#34 KijanaWaToki, Eldoret

HAPANA. Oili nyepesi ya injini kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti, basi. Molibdeni hupunguza msuguano, kwa hiyo toki (nguvu ya kukaza) ile ile ya kitabu itaivuta bolti zaidi ya kiasi. Bolti za 1NZ hukazwa kwa toki ndogo kwanza, kisha hugeuzwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko. Ile hatua ya kugeuza haidanganywi sana na mafuta, lakini ya kwanza inadanganywa.

#35 MamaWaCanter, Bungoma

Nyuzi 90 mnapimaje? Nimeona yule kijana akikadiria kwa jicho.

#36 KijanaWaToki, Eldoret

Weka alama ya rangi kwenye kichwa cha bolti ikitazama mbele ya injini. Ukimaliza, alama zote zitazame upande mmoja. Jicho linatosha kama alama ipo.

#37 NyarKibuye, Kisumu

Mwezi umekwisha. Nimezishusha leo asubuhi, jua likiwa limeingia dukani.

Pini kavu: ina madoa mekundu ya kutu upande unaotazama dirisha, madogo kama mbegu za wimbi. Hewa ya ziwa hiyo. Yakisuguliwa kwa kidole hayatoki.

Pini ya 20W-50: haina kutu hata tone. Chini yake kwenye kibao kuna duara la oili. Nikipitisha kidole sehemu ya juu, kidole kinateleza lakini hakiachi alama, na nikikitazama kina mng'ao tu. Sehemu ya chini bado ni nzito.

Pini ya lubu: iko karibu kama nilivyoiacha. Kidole kinaacha mfereji. Ila imeshika vumbi na unyoya mmoja wa kuku ambao sijui umetoka wapi.

#38 FundiKondele, Kisumu

Hakuna kutu hata tone, na kidole kinateleza. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

#39 MwalimuWaKarakana, Maseno

Hakiachi alama, Fundi. Ndicho nilichosema mimi.

#40 DerevaWaMolo

Na unyoya wa kuku ndio aliosema mtu wa Nakuru.

#41 ProboxLanet, Nakuru

Wakuu, viazi vimeuzwa, hedi imetoka, injini imewashwa jana. Ilikaa wiki sita na siku mbili.

Beringi za krenki na za konrodi zilipata lubu. Kuta za silinda na ringi, oili nyepesi. Migongo ya beringi mikavu. Kamshafti nazo lubu. Pampu ilijazwa Vaseline, filta ikajazwa oili, plagi zikatolewa. Stata ya kwanza sekunde 10, taa inawaka. Ya pili, inawaka. Fundi alikuwa ameinama kando yangu, sote tunaitazama taa, hakuna anayepumua. Ya tatu, katikati, ikafifia na kuzima. Tukarudisha plagi, ikashika mara moja. Hakuna kugonga, hakuna moshi. Niliipeleka mwendo wa wastani hadi Njoro na kurudi nikiwa na magunia mawili nyuma.

Leo nimemwaga oili ya kwanza. Ilikuwa ya kijivujivu. Tumeifungua filta kwa kuikata: karatasi yake ina rangi nyeusi laini, hakuna kinachometa.

#42 NyarKibuye, Kisumu

Ule ukijivu ni molibdeni ya lubu. Usiogope. Mwaga tena ikifika kilomita 500.

#43 MwalimuWaKarakana, Maseno

Hongera sana. Nafurahi ulipaka lubu.

#44 FundiKondele, Kisumu

Hongera ndugu. Nafurahi ulisugua matundu.

#45 Mzee504, Kakamega

Stata ya tatu katikati, hiyo ni pampu iliyojazwa vizuri. Mpe pongezi fundi wako, hakuna aliyemtaja.

#46 ProboxLanet, Nakuru

Nimemwonyesha uzi huu wote kwa simu. Amesoma #2 mara mbili. Ameomba nimuulizie FundiKondele brashi ndefu ya matundu anainunua wapi, kwa sababu ile tuliyotumia ni ya kusafisha chupa ya mtoto.

#47 FundiKondele, Kisumu

Mwambie asinunue. Waya wa breki ya baiskeli, ufumue ncha, uikunje kidogo. Inaingia kila tundu.

#48 KijanaWaToki, Eldoret

Fundi, waya wa chuma utakwaruza njia za oili na kuacha vipande ndani! Brashi ya nailoni.

#49 FundiKondele, Kisumu

Tangu 1999, kijana.

#50 BabaTuktuk, Kisumu

Samahani kwa kuingilia, injini ya tuktuk nayo ina hayo matundu? Yangu imeanza kugonga jana pale Mamboleo.